Nne Kuvuta, Sita Kutoa

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amenikemea. Mimi! Mtu wa miaka sabini na moja nimekemewa na kijana ambaye kola ya shati lake ilikuwa imekunjika upande mmoja. Amesema presha iko juu, moyo hauna kasoro, mapafu hayana kasoro. Kasoro ni namna ninavyopumua. Nikamwuliza mtu anapumuaje vibaya ilhali yu hai. Akasema: juu juu, mama, unapumua kwa mabega. Tena kuna wakati hupumui kabisa. Amenihesabia nilipokuwa nasoma fomu yake. Sikuvuta pumzi mpaka nilipofika mwisho wa sentensi.

Tabia hiyo najua niliitoa wapi.

Amebadilisha dawa, na amenipa kadi ya mazoezi ya pumzi: kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, chumba cha nyuma cha kliniki. Mazoezi ya pumzi! Jambo analolifanya mtoto mchanga bila kufundishwa na mtu.

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya orodha za sokoni. Basi, litumike.

Jumanne, 4 Machi

Chumba kinanuka dawa ya sakafu. Mikeka ya mpira ni saba, mmoja umeliwa pembeni, na huo ndio niliopewa kwa kuwa nilifika wa mwisho. Nilifika saa nne kamili. Wenzangu ndio waliofika kabla ya wakati. Haya.

Mkufunzi ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, raba nyeupe, sauti ya mtu anayembembeleza paka. Ametuambia tulale chali. Nikasita. Sijapata kulala chali mbele ya watu tangu nilipojua kutembea. Jirani yangu wa mkeka, fundi cherehani mstaafu, akaniona nimesimama kama mlingoti, akasema: "Dada'angu, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Sisi hatuinami tu, tunalala kabisa!" Watu wakacheka. Nikalala.

Mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Vuta kwa pua, hesabu nne. Toa kwa mdomo, hesabu sita, polepole, kama unayepoza chai. Mkono wa tumboni upande, wa kifuani utulie.

Wangu wa kifuani ulipanda kama unga uliotiwa hamira. Wa tumboni haukuwa na habari. Mkufunzi akapiga magoti kando yangu: mama, mabega yakae chini. Nikamwambia yako chini, yamelala sakafuni. Akasema hapana, yako masikioni.

Ametugawia karatasi ya maelezo. Nimeipitia nyumbani kwa kalamu nyekundu. Makosa kumi na moja katika ukurasa mmoja! Nimeiweka ndani ya bahasha. Sijui kama nitamrudishia.

Ijumaa, 7 Machi

Vilevile. Nikihesabu, nahesabu vizuri mno na kusahau kupumua. Nikipumua, hesabu inapotea. Mkufunzi anasema nisijisahihishe. Nimwambieje? Nimelipwa mshahara miaka thelathini na nne kwa kusahihisha.

Amenishauri nimtafute mtu nyumbani awe ananihesabia kwa sauti.

Jumapili, 9 Machi

Wa nyumbani ni mmoja tu, mtoto wa marehemu kaka yangu. Ni msusi. Mikono yake ina subira ya ajabu, mdomo wake hauna hata chembe. Nimelala kwenye zulia la sebuleni, yeye kwenye kochi na sahani ya maembe, akaanza: mojambilitatunne! Nikamwambia hayo si mahesabu, huko ni kunadi nyanya. Akapunguza. Akawa anahesabu huku anatafuna. Moja — kimya, anameza — mbili. Nilikaribia kukata roho kwenye tatu.

"Shangazi, wewe unataka nini? Kuhesabu ni kuhesabu."

Si kuhesabu tu. Lakini sikujua ninachokitaka ni nini.

Baadaye akaleta neno jingine. Dawa mpya haipo kwenye duka la dawa ninalokwenda siku zote, lile la mbali, kule kwenye kona ya benki. Amepita yeye mwenyewe akauliza. Ipo kwenye duka lililo mkabala na posta, hatua mia mbili kutoka mlangoni petu. Akasema hajawahi kuelewa kwa nini mtu mwenye magoti mabovu anapita duka lililo jirani akaenda kununua dawa za magoti kona ya benki.

Nikamwambia sipendi bango lao.

Jumanne, 11 Machi

Nimepumua!

Mara tano mfululizo, kwa tumbo, mabega yakiwa chini. Naandika ilivyokuwa.

Mkufunzi aliitwa mlangoni na mwenzake. Chumba kikawa kimya, hakuna wa kutuhesabia, fundi cherehani ameanza kukoroma. Nikafumba macho kwa sababu ya uchovu tu. Ndipo ikaja kichwani, bila kuitwa, sauti ya Msomaji, mwenzangu wa zamani kazini. "Herufi kubwa. Maji yatakatika Jumatatu, mkato, kuanzia asubuhi, mkato, katika mitaa yote ya chini, nukta." Mwendo wake uleule. Haharakishi, haburuti. Alipofika mkato nikavuta, alipofika nukta nikatoa yote. Mkono wa tumboni ukapanda na kushuka, ukapanda na kushuka. Mkufunzi aliporudi akasimama: "Mama! Hivyohivyo! Umeipataje?"

Nikasema sijui. Ni uongo.

Nieleze, maana hata mimi nataka nilione limeandikwa. Chumba chetu cha usahihishaji kwenye kiwanda cha gazeti kilikuwa na upana wa hatua nne. Meza moja. Taa moja iliyoning'inia. Vioo vya dirisha vimepakwa rangi nusu ya chini ili tusitazame nje. Mashine zilikuwa chini yetu, zikianza kazi vikombe vinatetemeka. Yeye alishika nakala ya mwandishi. Mimi nilishika chapa ya majaribio, ile karatasi iliyotoka kwa wapanga herufi. Yeye alisoma kwa sauti kila kitu, neno na alama: mkato, nukta, fungua mabano, aya mpya. Mimi nilifuata kwa macho na kalamu. Ikilingana, naweka alama ya vyema. Isipolingana, nagonga meza mara moja, anasimama. Basi. Hiyo ndiyo kazi. Usiku kwa mchana gazeti halilali, na sisi tulipokezana zamu na wengine, lakini zamu yetu ilikuwa yetu.

Katikati ya sentensi sikupumua, nisije nikapoteza neno. Kwenye nukta alipumua yeye, nikapumua mimi.

Miaka ishirini na sita. Kiwandani kila kitu kilihesabiwa, karatasi, wino, hata vikombe. Hilo halikuhesabiwa na mtu.

Jumatano, 12 Machi

Leo hakuna mazoezi. Nimefanya peke yangu mara tatu. Mara ya tatu haikuwa kwa ajili ya presha.

Msomaji alikuwa na leso ya rangi ya kahawia aliyoikunja nne kwa nne. Alikuwa akisoma matangazo ya biashara kwa sauti ya jaji, na hukumu za mahakama kwa sauti ya mwuza sabuni, anichekeshe. Sikucheka. Nilikuwa naandika vyema zangu huku nimeuma shavu kwa ndani. Yeye ndiye aliyenipa jina la Bi Nukta. Kiwanda kizima kikalishika, hata mlinzi wa lango. Wengine walilitamka kwa kunidhihaki. Yeye alilitamka kama jina.

Mke wake alikuwa akinitumia salamu. Nami nilimrudishia, kila mara, kamili.

Hakuna lililotokea. Naliandika hilo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa ndilo linaloniuma.

Mke amefariki mwaka wa nne huu. Nilisoma tangazo. Sikwenda msibani.

Ijumaa, 14 Machi

Mkufunzi amesema mawazo yakija tusipigane nayo. Yaacheni yapite, kama watu wanaopita barabarani; usimkaribishe mtu ndani. Fundi cherehani akauliza: je, akiwa ni mtu anayenidai? Mkufunzi akasema huyo hasa asimfungulie.

Nikavuta kwa nne. Nikatoa kwa sita. Sauti ya Msomaji ikaja, nami nikaifurahia, nilikuwa nimeizoea sasa. Halafu ikasoma mstari ambao sikuuchagua. Na katikati ya mstari ule akakohoa.

Nilikaa kitako ghafla. Chumba kikazunguka. Mkufunzi akanishika bega, akasema nimevuta pumzi nyingi mno kwa haraka, nipunguze. Machozi yalikuwa yameshafika masikioni, maana yalianza nikiwa nimelala. Fundi akaniinulia leso yake: "Dada'angu, pumzi zimekuwa nyingi mpaka zinatokea machoni?"

Nikamwambia ni dawa ya sakafu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekaa mezani tangu asubuhi. Msusi amekwenda kazini. Nitaandika mara moja.

Miaka minane iliyopita tulipitisha tangazo la mazishi ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Nakala ya mwandishi ilikuwa na mistari mitano. Chapa ilikuwa na minne. Wapanga herufi waliruka mmoja: "Mazishi ni leo saa tisa alasiri, makaburi ya juu." Gazeti likatoka bila saa wala mahali. Mwalimu akazikwa na watu kumi na mmoja. Kesho yake wakaja wanafunzi wake, wa zamani na wa sasa, na mashada ya maua, wakakuta udongo umeshawekwa. Mjane alikuja ofisini na gazeti lililokunjwa. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

Meneja akatuita wawili. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kulipima. Kama Msomaji aliusoma mstari ule, basi mimi sikuwa natazama chapa. Kama hakuusoma, mimi sikuwa na namna ya kujua kwamba umekosekana. Mashahidi ni sisi wawili tu.

Meneja akaniuliza mimi kwanza. Aliusoma?

Nikasema: "Hakuusoma."

Nilisema kwa sauti yangu ya kazini, ile ambayo hakuna mtu aliyewahi kuibishia. Msomaji akanigeukia. Hakukunja uso. Alinitazama kama mtu anayetafuta neno katika kamusi, kisha akamwambia meneja: "Kama Bi Nukta amesema sikuusoma, basi sikuusoma."

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi minne astaafu. Aliondoka siku ileile, leso na kikombe. Mimi nilibaki miaka mitatu zaidi na nikaagwa kwa hotuba.

Na miaka yote hii nimejiambia: sikusikia, kwa hiyo hakusoma. Nimejiambia hivyo kwa ufasaha mpaka nikaamini.

Lakini alikohoa. Alikuwa na mafua siku ile. "Mazishi ni leo saa tisa alasiri, mkato" — kikohozi — "makaburi ya juu, nukta." Nilikuwa namtazama koo. Nilikuwa najiuliza kama kuna mtu nyumbani kwake aliyemchemshia maji ya moto asubuhi ile. Aliponyamaza nikaweka vyema, kwa kuwa amenyamaza.

Mtu hakohoi katikati ya mstari ambao hakuusoma.

Hilo ndilo. Sikukosa kwa uchovu, wala kwa uzee. Nilikuwa nasikiliza sauti, maneno yakanipita. Na nilipoulizwa, ningesema nini? Kwamba nilikuwa namtazama mume wa mtu?

Jumapili, 16 Machi

Sikufanya mazoezi. Msusi ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia nimeshiba.

Jumanne, 18 Machi

Nimehudhuria mazoezi, nimelala, nimevuta, nimetoa. Mabega masikioni.  Mkufunzi alinigusa bega tu alipopita.

Nilipotoka nikaenda kwenye duka la dawa lililo mkabala na posta.

Bango lao ni zuri tu. Hapo ndipo anapofanya kazi binti wa Msomaji. Nimekuwa nikivuka barabara kwa ajili ya bango hilo tangu lilipotundikwa.

Nilimtambua kwa paji la uso. Koti jeupe, kalamu mbili mfukoni. Akaniamkia shikamoo kama anavyomwamkia mteja yeyote, nikamwitikia marahaba, nikampa karatasi ya daktari. Akasoma dawa. Akasoma jina. Akaninyanyulia macho.

"Wewe ndiye Bi Nukta!"

Wateja wawili wakageuka. Nikasema ndimi.

Akazunguka kaunta akanishika mikono yote miwili. Mimi si mtu wa kushikwashikwa, nilisimama. Akasema baba yake ananitaja. Ananitaja vipi? Kwa kila kitu, akasema. Macho yake yamekwisha: jicho moja limefungwa kabisa, la pili linaona mwanga na vivuli tu. Kwa hiyo ni yeye binti anayemsomea gazeti jioni, na baba humgombeza. "Ananiambia, 'Pumua, mwanangu! Mwandishi amekuwekea nukta ya nini, ya mapambo?' Nikichoka namwambia akamtafute Bi Nukta wake. Ananyamaza."

Ananyamaza.

Akanifungia dawa. Akasema Jumamosi yuko nyumbani mchana kutwa, na baba hatoki siku hizi, nije. Si mbali. Akanichorea njia nyuma ya boksi la dawa: posta, kituo cha mafuta, geti la kijani.

Nimefika nyumbani nimelishika boksi mkononi, sikulitia hata kwenye mkoba.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeandika nitakayosema. Rasimu ya kwanza kurasa mbili. Niliisoma kwa sauti. Ilikuwa barua ya kuomba kazi. Ya pili ukurasa mmoja, na ndani yake nilikuwa nimemlaumu mpanga herufi. Nimeichana. Ya tatu nimeiandika hapa chini, isipotee:

Uliusoma mstari ule. Nilikusikia. Sikuwa natazama chapa, nilikuwa nakutazama wewe. Nilimdanganya meneja.

Sentensi nne. Hakuna cha kuongeza. Nimejaribu kuzisema nikiwa nimelala kwenye zulia na mkono tumboni. Mbili za kwanza zinapita. Ya tatu mkono wa kifuani unaruka.

Msusi amekuta nimepiga pasi gauni la kijivu. Akaizunguka meza mara mbili.

"Shangazi, unaposwa?"

Nikamwambia adabu yake imeota mbawa. Akasema: sawa, lakini kama ni posa, nikusuke kwanza. Nimekubali. Alipigwa na butwaa! Miaka sita ananibembeleza anisuke. Nilikaa kati ya magoti yake saa mbili, vidole vyake vikitembea kichwani, na bila kukusudia nikawa napumua vizuri. Akaniuliza mgeni wangu ni nani. Nikasema ni mtu niliyefanya naye kazi. Akauliza: mlikosana? Nikasema: nilimkosea.

Akaacha kusuka kidogo. Hajawahi kunisikia nikitumia kitenzi hicho kwa nafsi ya kwanza.

"Basi kamwambie," akasema, "mdomo si unao?"

Ijumaa, 21 Machi

Mazoezi. Leo tulifanya tukiwa tumeketi kwenye viti, ili tuweze kufanya popote, hata foleni ya benki. Mkufunzi anasema kabla ya jambo linalokutisha, anza kwa kutoa, usianze kwa kuvuta. Mtu mwenye hofu amejaa tayari.

Nimempa bahasha ya masahihisho. Aliifungua papo hapo, akaona wekundu, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema ataichapisha upya, na kwamba katika miaka yake yote pale, mimi ndiye mgonjwa wa kwanza kuisoma karatasi ile mpaka mwisho.

Fundi cherehani alinisindikiza hadi getini. Akasifia nywele. Akasema gauni la kijivu limeshonwa na fundi asiyejua kwapa, niliache kwake Jumatatu. Nikasema kesho nina safari nalo. "Basi usinyanyue mikono," akasema, "litapasuka."

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa sebuleni kwa Msomaji. Nimekuja na daftari hili kwa sababu maneno yangu yamo humu. Nimeambiwa nisubiri, naye yuko chumbani anavaa. Amekataa kutoka na fulana. Tangu nifike ni dakika ishirini.

Sebule ndogo, safi. Makochi mawili na kiti kimoja cha mbao chenye mto, nacho kimewekwa karibu na redio; bila shaka ndicho chake. Nimeketi kwenye kochi la mbali. Hakuna kilichobadilishwa mahali pake, ili asijikwae. Kikombe cha kiwandani kipo juu ya kabati. Kile kile.

Binti alinipokea vizuri mno. Ndipo akaketi, akaanza kunieleza, na sasa sijui nishike lipi.

Nitaliandika kama alivyolisema. Siku ile baba yake aliporudi nyumbani na kikombe chake, aliwaambia: nimeruka mstari, nimewaharibia watu mazishi, nimeachishwa kazi, ni haki. Binti alikuwa mwaka wa pili chuoni, anasomea udaktari. Ada ikakosekana. Akarudi nyumbani, na baadaye akasomea kozi fupi ya dawa. Hakunieleza kwa kulalamika. Alisema anaipenda kazi yake. Lakini alisema hakuzungumza na baba yake karibu miaka miwili. Katika nyumba hii hii! Alikuwa akimwekea chakula na kuondoka. Alimwona mzembe. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusoma tu, akasema, naye akashindwa kusoma mstari mmoja.

"Na mama amekufa akiamini hivyohivyo," akasema. "Ila baba hakukusema wewe kwa ubaya hata siku moja. Alisema wewe ulisema kweli, na kwamba wasemao kweli ni wachache."

Nilitazama sakafu. Vigae vya rangi mbili.

Alijua. Alikuwa na mstari ule kinywani mwake, amekohoa katikati yake, angewezaje kutojua? Akaenda nao nyumbani akautoa kama kosa lake, kwa mke wake na mtoto wake. Mpaka leo.

Nilikuja na sentensi nne za mtu mmoja. Nilidhani nitamkuta peke yake. Hapana, niandike vizuri: nilitumaini binti atakuwa jikoni. Ningesema, angenyamaza kama kawaida yake, ningekwenda zangu nimetua mzigo, na yeye angebaki nao vilevile, mzembe mbele ya mwanawe. Hiyo si toba. Hiyo ni kujipumzisha.

Nikisema mbele ya binti, nitamwonyesha baba yake kuwa mwongo wa miaka minane. Nitamwonyesha pia kwamba si mzembe. Na mimi atanitoa nje, na ni haki yake. Na sauti ile nitakuwa nimeisikia mara moja tu.

Nimeisikia tayari. Kutoka chumbani. Anamwuliza binti kama vifungo vimekaa sawa. Imekuwa nyembamba kidogo, ina mchanga ndani yake, lakini mwendo ni uleule. Haharakishi, haburuti. Nimeshika mkono wa kochi.

Binti ametangulia na sinia. Vikombe vitatu. Ameketi, amekunja miguu, hana dalili ya kwenda jikoni. Anatabasamu. Ananiuliza ninaandika nini. Nimemwambia mambo ya kazini.

Pazia limesogea. Amevaa shati la mikono mirefu, amefunga mpaka kifungo cha shingo. Mkono mmoja uko ukutani. Uso wake ameuelekeza dirishani, ambako hakuna mtu. Anasema kama kweli nipo niseme neno, lolote, apate kujua atazame wapi. Natoa pumzi kwanza, naweka kalamu chini; nitaanza na sentensi ya kwanza, binti akiwa papo hapo.